Siku Niliyoinamisha Macho Nyuma ya Kioo

Kendi mwanangu,

Umeondoka saa nane kwenda mjini, kuchukua viatu vyako kwa fundi wa Majengo na kuagana na wenzako, ukaniambia utarudi mapema. Mapema yako naijua. Kwa hivyo nina muda wa kutosha. Ukungu umeshateremka hadi kwenye viazi, na nyumba imenyamaza kiasi kwamba nasikia jiko likipoa. Nimekaa kwenye kiti chako. Changu kinayumba, na isitoshe nilitaka kujua chumba hiki kinaonekanaje kutoka upande wako. Hakionekani vizuri, pole.

Sitakuandikia habari za sweta, wala pasipoti, wala kula kwa wakati. Shangazi zako walikuambia hayo Jumapili nzima hadi nikakuonea huruma. Huko India unakokwenda kusoma utakuta watu wa kukufundisha ile mashine ya mishipa vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na ukipotea njia una simu. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka minane, na nimeshindwa kabisa kukuacha upande ndege bila kulisikia. Ni habari ya mguu wa cucu wako, mama wa mama yako.

Hadithi yake unaijua, kwa sababu sote tunaisimulia kwa namna ile ile. Cucu alikuwa na kisukari, mshipa wa paja ukaziba, akaletwa Meru katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi ili azibuliwe. Akaambiwa alale tuli. Akajigeuza. Waya ikatoboa mshipa, akavuja damu, na baada ya siku chache mguu ukakatwa juu ya goti. Krismasi iliyopita ulienda Siakago kuwaona cucu na mama yako, ukarudi ukanisimulia hapa hapa mezani jinsi ulivyomtania mkichambua ndengu: "Cucu, si uliambiwa usitikisike?" Naye akacheka akapiga paja lake lililobaki, akasema, "Kichwa yangu ni ngumu, mjukuu wangu. Makosa ni yangu." Ukaniambia mama yako aliinuka akaenda kuangalia mbuzi.

Nikacheka na wewe. Unakumbuka? Nilicheka, Kendi.

Mama yako hakuwa na haja ya kuangalia mbuzi. Hadithi ile si ya kweli, na aliyeitunga ni mimi.

Niache nieleze ile kazi kwa maneno yangu. Najua umeisomea, na najua utasema, "Baba, hiyo nayo wanifundisha?" Vumilia. Aibu yangu iko ndani ya kazi yenyewe, siwezi kuikwepa nikafika ninakokwenda.

Mgonjwa wa mshipa ulioziba tulikuwa tukimpiga picha siku mbili au tatu kabla. Kompyuta inachukua picha hizo na kuchora mishipa yake yote, kila kona na kila tawi, na hiyo ndiyo ramani. Siku ya kazi yenyewe analala mezani, daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye kinena, ndani yake waya, na anausukuma mshipani akiangalia skrini. Mimi nilikaa nyuma ya kioo. Kazi yangu ilikuwa kuilaza ile ramani juu ya picha ya eksirei inayoendelea, mfupa juu ya mfupa, nyonga juu ya nyonga, ili daktari akiona mstari wa mshipa kwenye skrini ajue kwamba mshipa wa mtu uko hapo hapo. Ikilala vizuri unaona waya inatembea ndani ya mstari wake bila kuyumba, na daktari hahitaji kumwaga dawa ya rangi kila mara ili aone njia. Cucu wako figo zake zilikuwa dhaifu. Ile dawa ingemuumiza. Kwa hivyo ramani kwake ndiyo ilikuwa macho ya daktari.

Lakini kompyuta haimwoni mgonjwa wa Alhamisi. Inamjua wa Jumanne, alivyolala siku alipopigwa picha. Mtu akigeuza nyonga kidogo tu, ramani inabaki pale pale ilipokuwa, inang'aa vizuri, inakuonyesha njia ambayo haipo. Haina namna ya kusema, ngoja, huyu amesogea. Wa kusema ni mtu aliye kwenye kiti. Anapiga eksirei moja fupi, analinganisha mifupa, anasahihisha. Haichukui hata dakika mbili na haimwagi tone la dawa.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Sasa nije kwa upande mwingine, ambao chuoni kwenu hawakuufundisha. Mimi na cucu wako, tangu nilipomwoa mama yako, hatukuwahi kupeana mkono. Hilo unalijua, umekua ukiliona, na ulipokuwa mdogo lilikuchekesha sana. Akija huku Kibirichia kukuona, yeye akiingia kwa mlango wa mbele mimi natoka kwa wa jikoni. Tulisalimiana kupitia ukuta. "Mama, mmeamkaje huko?" "Tumeamka, na nyinyi huko?" Siku moja tulikutana ana kwa ana kwenye kile kijia cha kisimani, hakuna pa kupita, kila mmoja akamwachia mwenzake njia, yeye akaingia kwenye viazi, mimi nikaingia kwenye sukuma wiki ya jirani hadi magoti, na tukasimama humo wote wawili tukitazama milima mpaka mama yako akaja kutuokoa. Alicheka hadi akaketi chini. Hiyo ndiyo nthoni, ile haya ya mkwe na mama mkwe, kwetu Meru na kwao Mbeere vilevile. Watu wa mjini wanaiona ushamba. Mimi sikuwahi kuiona hivyo. Ilikuwa namna ya kumwambia mama yule kila siku, bila kufungua mdomo, kwamba binti yake nimemchukua kwa heshima.

Basi jina lake likatokea kwenye orodha ya Alhamisi. Mtu huyu ambaye sijawahi kumtazama usoni sawasawa, alazwe mezani, afunuliwe kinena, na mimi nyuma ya kioo.

Tulikuwa wawili tu tuliojua ile mashine, mimi na mwenzangu Mutwiri. Mutwiri alinijia asubuhi na kikombe cha chai. Akaniambia, "Mzee, huyu si ni mama mkwe wako? Toka hapo, nitakaa mimi."

Angalia jinsi ilivyokuwa rahisi. Chai mkononi, mtu ananiondolea mzigo, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikamwambia hapana. Unajua kwa nini? Kwa kiburi. Nilikuwa nimeshajichorea picha: mama yako akiambiwa kwamba mguu wa mamake umepona kwa mkono wangu, watu wa Siakago wakisema yule mkwe wa Meru ndiye aliyeketi kwenye mashine. Nilitaka sifa hiyo hadi ikanifunga masikio. Na nikajiambia kwamba sitamwangalia yeye, nitaangalia skrini tu. Nikakigeuza kiti kidogo, upande, ili kioo kibaki begani kwangu. Nilifanya hivyo kwa makusudi, Kendi. Hakuna aliyenisukuma.

Alipolazwa, ramani niliilaza vizuri kabisa. Naweza kuapa. Mfupa ulikaa juu ya mfupa. Daktari akaingiza mrija, hakuna shida. Halafu akarudi nyuma kubadilisha glavu, na katika kile kipindi kifupi nesi mmoja, mtu mzuri sana, mwenye moyo, aliona shosho wa watu anatetemeka akataka kumtuliza. Nilimsikia kwenye spika. Akamwambia, "Shosho, usiogope. Hata mkwe wako yuko pale nyuma ya kioo, anaangalia kila kitu."

Anaangalia kila kitu! Maskini nesi. Alikuwa mtu wa Kisumu, angejuaje nthoni ya kwetu?

Cucu wako akaacha kutetemeka. Kisha akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwao angefanya. Akavuta shuka, akageuza nyonga kuelekea ukutani, akajisitiri. Nesi akamrudishia shuka, akamwambia alale sawa, akalala. Lakini hakurudi alipokuwa. Alikuwa amegeuka kidogo, labda upana wa vidole viwili.

Na mimi nilimwona.

Hilo ndilo sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Nilimwona kwa pembe ya jicho, shuka likipanda na nyonga ikigeuka, na nikafanya kile ambacho mkwe yeyote wa kwetu angefanya. Nikainamisha macho. Nikatazama meza. Nakumbuka palikuwa na kalamu ya buluu isiyo na kifuniko.

Daktari akarudi. Akauliza, bila kugeuka, "Ramani iko sawa?"

Nilijua lazima nilinganishe upya. Nilijua, Kendi, usidhani ni mambo niliyokuja kuyaelewa baadaye. Lakini nikisema "ngoja daktari, mgonjwa amesogea," nitakuwa nimetangaza kwenye spika, mbele ya watu wote mle ndani na mbele yake yeye mwenyewe, kwamba nilikuwa nikimtazama. Na mashine ilikuwa inang'aa tu, mstari umenyooka, kila kitu kizuri.

Nikasema, "Iko sawa, daktari."

Mengine unayajua. Waya ilifuata mstari, na mstari haukuwa mahali pake. Daktari alihisi kitu kimelegea ambapo kingepaswa kukaza, akasimama, lakini ilikuwa imeshatoboa. Sitakuandikia ile damu. Alikimbizwa kwenye chumba cha upasuaji, wakauokoa uhai, wakajaribu kuuokoa mguu siku tano, wakashindwa.

Hospitali ilitutaka kila mmoja aandike yaliyotokea. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Halafu nikaandika: mgonjwa alisogea wakati kazi ikiendelea. Soma tena hiyo sentensi. Hakuna neno la uongo ndani yake. Hata leo ukinipeleka mahakamani nitaitetea neno kwa neno. Na ndiyo maana ni uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema, kwa sababu haukanushiki. Daktari aliisoma, akaamini, kwa nini asiamini? Akaenda kuketi kitandani pa cucu wako na kumweleza kwa upole kwamba alisogea na kwamba mambo hayo hutokea. Naye akakubali papo hapo. Akasema, "Ni kweli. Nilijigeuza. Walikuwa wameniambia." Aliwaomba radhi, Kendi. Mguu umekatwa, anaomba radhi.

Mama yako alikuwa amesimama hapo. Jioni ile alikuja kunikuta kwenye benchi nje ya wodi. Hakulia. Akaniuliza, "Baba Kendi, ulimwona akisogea?"

Nikamwambia mashine haikuonyesha kitu.

"Sikuulizi mashine."

Alingoja. Yule mwanamke anajua kungoja, wewe mwenyewe unamjua. Watu walipita, mama mmoja akatuuliza wapi dirisha la dawa, tukamwelekeza wote wawili. Kisha akainuka, akaniambia atampeleka mamake Siakago na kumtunza wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo hizi, miaka minane. Ulikuwa kidato cha pili, uko bweni, tukakuambia cucu anahitaji mtu. Ni kweli anahitaji mtu. Hiyo nayo ni sentensi ya aina ile ile.

Usidhani mama yako aliniacha kwa sababu ya mguu. Angenisamehe mguu siku ile ile kwenye benchi. Alichoshindwa ni kuishi na mtu anayemwacha mamake abebe kosa lisilo lake, na kuketi naye mezani na kumpakulia chakula.

Daktari mwingine aliniambia baadaye kwamba kwa kisukari kile huenda mguu ungekatwa tu, hata kazi ingeenda vizuri. Wacha nikuambie nilivyoipenda sentensi hiyo. Nimejifunika nayo miaka minane. Kila nikiamka najiambia, huenda ungekatwa tu. Labda ni kweli. Lakini asingejilaumu. Hakuna kisukari kinachomfanya mtu ajilaumu.

Niliacha kazi baada ya miezi sita. Hapa kijijini walisema nimepata akili, nimerudi kulima, mwalimu mmoja hata akanitaja kama mfano kanisani. Lo! Nilikuwa nimekimbia. Kila nikikaa kwenye kile kiti nilikuwa nalinganisha mifupa mara nne, mara tano, hadi madaktari wakaanza kukereka. Viazi havihitaji kulinganishwa. Unapanda, unapiga dawa, unachimba, na vikioza kosa ni la baridi.

Hutajua upweke wa nyumba hii, kwa sababu kila ulipokuwamo haukuwapo. Ulipokuwa shuleni na baadaye chuoni, nilikuwa napika githeri ya watu watatu na kuila siku nne. Naongea na redio. Wakitangaza hali ya hewa ya Meru nawajibu. Mama yako huwa anapiga simu Jumamosi, tunaulizana mvua, tunaulizana mbolea, tunakuongelea wewe. Halafu ananyamaza kidogo. Kila Jumamosi, miaka minane, ananyamaza pale pale, ananipa nafasi. Na kila Jumamosi nimesema, "Haya basi, msalimie mama," nikakata. Baadaye nabaki nimeshika simu kama mjinga. Nampenda mama yako. Niandike hivyo wazi, kwa sababu sijui kama umewahi kunisikia nikisema.

Ulipochagua kusomea picha za hospitalini nilifurahi kisha nikaogopa, na ulipoanza kusema kwamba unataka hasa kazi ile ya ramani na mirija, niliogopa zaidi. Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka mafunzoni, unanieleza mashine mpya zinazojilinganisha zenyewe, nami nakufokea, "Na mgonjwa je? Mgonjwa ulimtazama?" Siku moja ulijibu, "Ala, Baba, si uniache nimalize!" Ukadhani ni uzee. Nilikuwa namfokea mtu mwingine.

Watakuambia huko kwamba mashine za sasa zinatambua mgonjwa akisogea. Nimesoma. Huenda zinatambua, na mimi nafurahi. Lakini hazitambui aliye kwenye kiti anapogeuza kiti. Itafika siku na wewe utakuwa na sababu nzuri ya kutotazama. Haitakuwa nthoni, labda. Labda itakuwa ni daktari mkubwa unayemwogopa, au mgonjwa unayemchukia, au umechoka tu na unataka kwenda nyumbani. Sababu yangu mimi ilikuwa nzuri mno, ilikuwa heshima, na ndiyo maana sikuitilia shaka. Siku hizi nadhani heshima hasa ingekuwa kunywa ile chai ya Mutwiri na kutoka nje. Angekaa mgeni, angemtazama cucu wako kama mgonjwa, na mimi ningengoja kwenye benchi kama wakwe wengine. Ningebaki mkwe.

Wala usidhani ninakuambia uwe na macho makavu. Ukiona haya, ona haya. Ila sema. Sema kwa sauti ya kutetemeka, useme vibaya, uchekwe, lakini sema kabla daktari hajasukuma waya. Na ukishindwa, kwa sababu utashindwa siku moja, andika "mimi." Kwenye karatasi ile, anza na neno hilo. Mimi sikulinganisha. Ningekuwa nimeandika hivyo, ningefukuzwa kazi, labda, na leo ningekuwa nalima viazi hivi hivi, lakini kungekuwa na mtu jikoni.

Mara nyingi nimejaribu kwenda Siakago. Mara mbili nimefika Embu mjini kabisa, nikaketi hotelini, nikanywa chai, nikageuka. Nilijidanganya kwamba jambo kama hili linahitaji wazee, linahitaji mbuzi, haiwezekani mkwe aende peke yake kumkosea mama mkwe adabu mara ya pili kwa kumweleza kwamba alimwona akiwa amefunuliwa. Si ndivyo? Ili nimwondolee lawama lazima nimwambie kwamba nilimtazama. Hakuna njia nyingine, nimeitafuta. Nilimficha ukweli kwanza kwa kujihurumia, kisha nikasema ninamhurumia yeye.

Sasa wewe unaondoka miaka miwili, na cucu wako hana miaka mingi. Mama yako aliniambia Jumamosi kwamba cucu hali chakula sawasawa tena na kwamba siku hizi akiwa peke yake anaongea. Nikauliza anaongea nini. Akasema anawaomba radhi watu wa hospitali.

Anawaomba radhi, Kendi. Mpaka leo.

Nimekaa na neno hilo siku nne. Sili. Ulidhani ni kwa sababu unaondoka, ukanikaangia mayai, na nikakuacha ufikiri hivyo.

Kesho gari lako linapita Embu, na umeniambia utalala Siakago usiku mmoja kuwaaga kabla ya kushuka Nairobi. Sikuombi unibebee salamu za radhi. Niliwahi kulifikiria hilo, nitakuwa mkweli, nilifikiria kukutuma, kwa sababu wewe unaweza kuketi karibu naye na kumshika mkono na mimi siwezi. Lakini ungekuwa wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti changu. Basi nakuja mwenyewe. Leo mchana, ulipotoka tu, nilimpigia mama yako nikamwambia kwamba nakuja. Nilimwambia lile la benchi, nikamwambia nilimwona akisogea. Akasema, "Njoo mapema. Asubuhi ndiyo anakuwa na nguvu." Hakusema lingine na sikumwuliza lingine.

Sijui nitasimama wapi ndani ya nyumba ile. Sijui kama nitamwangalia usoni au nitasema kupitia ukuta kama zamani. Wazee wakisikia watanitoza mbuzi na wana haki. Nitamwambia kwa Kimeru changu, naye atanisikia kwa Kimbeere chake: Mama, hukukosea. Ulijisitiri, kama inavyofaa. Mimi nilikuona, nikanyamaza.

Barua hii nitakupa mkononi ukifika, kabla hujavua viatu, na nitakaa hapa unapoisoma. Nakujua, utaisoma umesimama. Huenda ukakasirika. Ulimtania bibi kizee kwa kosa lisilo lake, mbele ya mama yako, kwa sababu niliwaacha muamini, na kwa hilo peke yake una haki ya kunikasirikia mpaka India na kurudi. Sitakuomba unielewe leo usiku.

Na ukiona asubuhi kwamba huwezi kuketi gari moja na mimi, usinitafutie maneno matamu. Panda uende. Nitachukua linalofuata, na nitafika Siakago.

Ni mimi,
Baba yako